Maumivu kuisha si kupona: Wiki za hatari baada ya kupandikizwa jino

KUNG'OLEWA jino ni jambo la kawaida kwa wakazi wa wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Wapo waliong'olewa kwa sababu ya meno kutoboka, wapo walioyapoteza kutokana na ugonjwa wa fizi, na wapo ambao ajali ya pikipiki iliwaondolea meno ya mbele kwa siku moja.

Kwa miaka mingi, waliotaka kuziba pengo walikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni meno bandia ya kuvaa na kuvua, na ya pili ni daraja linaloshikizwa kwenye meno ya jirani. Walio wengi waliishi na mapengo yao.

Siku hizi ipo njia ya tatu, nayo ni kupandikiza jino ndani ya mfupa wa taya. Huduma hii hupatikana zaidi katika miji mikubwa kama vile Dar es Salaam na Arusha. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Katesh, Haydom au Dongobesh anayeihitaji hulazimika kusafiri, kupandikizwa, na kisha kurudi nyumbani na kidonda kibichi kinywani.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kazi ya daktari wa meno hukamilika kwa saa moja au mbili, lakini kazi ya mfupa huchukua miezi. Katika miezi hiyo mgonjwa yuko kwake, mbali na kliniki, akila chakula cha nyumbani, akifanya shughuli zake na kupokea ushauri wa majirani.

Wataalamu wa afya ya kinywa na meno husisitiza kwamba jambo linalowaponza wagonjwa wengi ni kudhani kwamba maumivu yakiisha, kidonda kimepona. Ukweli ni kwamba maumivu huisha ndani ya siku chache, wakati mfupa ndio kwanza umeanza kazi yake.

Kipandikizi ni nini?

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo, kwa kawaida ya madini ya titani, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Juu yake hufungwa kiungo kidogo, na juu ya kiungo hicho huwekwa jino bandia linaloonekana.

Siri ya njia hii iligunduliwa na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, katika miaka ya 1950. Alipokuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, alibaini kwamba vifaa vya titani alivyokuwa ameviweka havitoki tena, kwa kuwa mfupa ulikuwa umeota na kushikamana navyo kabisa.

Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, Brånemark alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson. Mgonjwa huyo aliendelea kutumia meno hayo kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki dunia mwaka 2006.

Tangu wakati huo njia hiyo imeenea duniani kote. Kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri na kufuata masharti, vipandikizi zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado vinafanya kazi baada ya miaka 10. Vile vichache vinavyoshindwa mapema, mara nyingi hushindwa katika wiki na miezi ya mwanzo, kabla mfupa haujashika.

Kinachoendelea ndani ya taya

Siku ya kwanza, skrubu hushikwa na mfupa kwa nguvu ya kubanwa tu, kama msumari ulivyobanwa na mbao. Katika siku na wiki zinazofuata, mwili huanza kuondoa chembe za mfupa zilizoumia wakati wa kutoboa, na mahali pake hujenga mfupa mpya.

Katika kipindi hicho, mshiko wa zamani hupungua kabla mshiko mpya haujakamilika. Kwa hiyo kipandikizi huwa dhaifu zaidi kati ya wiki ya pili na ya nne kuliko kilivyokuwa siku kilipowekwa.

Ni wakati huo huo ambapo mgonjwa hana tena maumivu, uvimbe umekwisha, nyuzi zimetolewa, naye hujiona mzima. Hurudia makande, nyama choma na mahindi ya kuchoma, akitafuna upande wowote bila wasiwasi.

Kipandikizi kikitikisika mara kwa mara, hata kwa kiasi kinachozidi kidogo sehemu moja ya kumi ya milimita, mwili unaweza kujenga nyama laini kukizunguka badala ya mfupa. Hilo likitokea, hakitashika tena na itabidi kiondolewe.

Kwa kawaida mfupa huhitaji kati ya miezi mitatu na sita kushikamana na kipandikizi. Taya la chini, ambalo mfupa wake ni mgumu zaidi, kwa kawaida hutangulia, na taya la juu huchukua muda mrefu zaidi.

Saa 24 za kwanza

Pamoja na hayo, safari yote huanzia kwenye bonge la damu. Damu inayoganda juu ya kidonda ndiyo kifuniko cha kwanza cha mfupa na ndiyo ngazi ambayo chembe mpya za nyama hupandia. Kazi ya siku ya kwanza ni kulilinda bonge hilo lisitoke.

Mgonjwa hupewa kipande cha shashi akiume. Anapaswa kukibana kwa nguvu ya wastani kwa dakika 30 hadi 60 bila kukitoa kila mara kuangalia kama damu imekoma. Kukitoa mapema huweza kung'oa bonge linaloanza kuganda.

Mate kuwa na rangi ya waridi katika siku ya kwanza si jambo la kuogopesha, kwani tone moja la damu hutosha kubadili rangi ya mate mengi. Lililo muhimu ni kutotema kwa nguvu na kutosukutua kabisa siku hiyo. Mate yamezwe taratibu, au yaachwe yadondoke yenyewe kwenye kitambaa.

Kunywa kwa mrija pia hakufai, kwa sababu kufyonza huvuta bonge la damu kutoka mahali pake. Ulimi na vidole navyo vizuiwe kukichokoa kidonda.

Ili kupunguza uvimbe, huwekwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu kwa dakika 15 hadi 20, kisha huondolewa kwa muda kama huo kabla ya kurudia. Pasipo na jokofu, kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya baridi ya mtungini hufaa, mradi kibadilishwe kila kinapopata joto. Kwa wakazi wa nyanda za juu za Mbulu, maji yaliyolala nje usiku huwa na baridi ya kutosha.

Usiku wa kwanza mgonjwa alale kichwa kikiwa juu kidogo, akitumia mito miwili au blanketi lililokunjwa. Kulala bapa huongeza damu kichwani, na kwa hiyo huongeza uvimbe na maumivu ya kudunda.

Uvimbe wa kawaida huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Hivyo mgonjwa anayeamka siku ya pili akiwa na shavu kubwa kuliko jana yake hana haja ya kuogopa, ila anapaswa kulifuatilia.

Safari ya kurudi nyumbani

Kutoka Arusha hadi Katesh au Mbulu ni zaidi ya kilomita 200. Kusafiri saa chache tu baada ya kupandikizwa, ganzi ikiwa bado haijaisha, si jambo la busara kwa anayeweza kuliepuka.

Mtikisiko wa gari peke yake si rahisi uing'oe skrubu iliyokazwa vizuri. Tatizo ni kwamba damu ikianza kuvuja njiani, mgonjwa yuko mbali na aliyemtibu. Ni heri kulala mjini usiku mmoja, daktari akiangalie kidonda asubuhi, ndipo safari ianze.

Kabla ya kuondoka, mgonjwa anapaswa kuomba maelezo kwa maandishi. Maelezo hayo yaonyeshe tarehe ya kupandikizwa, aina na ukubwa wa kipandikizi, dawa alizopewa, kama nyuzi ni za kuyeyuka zenyewe au za kutolewa, na namba ya simu ya kliniki.

Karatasi hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Vipandikizi hutengenezwa na kampuni nyingi na vifaa vyake havifanani. Miaka 10 baadaye, iwapo kiungo cha juu kitalegea na kliniki ya awali haipo tena, daktari mwingine hataweza kupata kiungo kinacholingana bila kujua aina yake.

Vilevile, karatasi hiyo humsaidia mtaalamu wa karibu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, ina kitengo cha meno. Hospitali ya Wilaya ya Hanang ya Tumaini iliyoko Katesh, Hospitali ya Mji wa Mbulu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Babati ni mahali pengine ambapo mgonjwa mwenye tatizo la ghafla anaweza kukimbilia kabla ya kufikiria kurudi mjini alikopandikizwa.

Chakula kipi, kwa muda gani?

Mgonjwa haruhusiwi kula hadi ganzi iishe, asije akajing'ata mdomo au ulimi bila kujua. Baada ya hapo, siku mbili za kwanza ni za chakula laini kisicho cha moto. Joto hutanua mishipa ya damu na huweza kuamsha damu iliyokwisha kukoma.

Uji uliopoa, mtori, maziwa mgando, mayai ya kuchemsha yaliyopondwa, ndizi mbivu, parachichi, viazi na maharage yaliyopondwa vinafaa. Mfupa na nyama mpya hujengwa kwa protini, hivyo uji mtupu wa mahindi hautoshi. Katika kaya za wafugaji za Hanang, maziwa ni msaada mkubwa, na penye kuku mayai yasiachwe.

Kuanzia siku ya tatu hadi wiki ya pili, mgonjwa anaweza kula ugali laini kwa mchuzi, wali uliopikwa ukalainika, samaki asiye na miiba na mboga zilizoiva vizuri. Atafune upande usio na kidonda.

Sharti linalovunjwa zaidi ni la wiki zinazofuata. Hata kama hahisi chochote, mgonjwa asitafunie vitu vigumu upande uliopandikizwa hadi daktari athibitishe kwamba mfupa umeshika. Makande yenye mahindi magumu, bisi, karanga, miwa, mifupa na nyama ngumu visubiri.

Vyakula vyenye chembechembe, kama vile ulezi usiochujwa na mbegu ndogo, navyo viepukwe katika wiki ya kwanza, kwa sababu chembe hizo hujificha kwenye kidonda na kuwa chakula cha vijidudu.

Usafi wa kinywa

Wapo wanaoacha kupiga mswaki kwa wiki nzima kwa kuogopa kuumiza kidonda. Kinywa kichafu, hata hivyo, ni chanzo kikubwa cha uambukizo. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida kuanzia jioni ya siku ya kwanza au kesho yake, ila mswaki usifike kwenye nyuzi.

Baada ya saa 24 kupita, mgonjwa huanza kusukutua kwa maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi huyeyushwa kwenye glasi moja ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu. Hufanyika mara tatu hadi nne kwa siku, hasa baada ya chakula, kwa muda wa wiki moja.

Namna ya kusukutua nayo ina umuhimu wake. Maji yasisukumwe kwa nguvu mashavuni. Mgonjwa ainamishe kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, maji yapite juu ya kidonda taratibu, halafu afungue mdomo yaanguke yenyewe.

Daktari anaweza pia kuagiza dawa ya kusukutua ya klorheksidini. Dawa hiyo huua vijidudu, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu hutia meno rangi ya kahawia, hivyo itumike kwa siku zilizoelekezwa tu.

Katika suala la rangi, Manyara ni miongoni mwa mikoa ya Bonde la Ufa yenye madini mengi ya floridi katika baadhi ya vyanzo vya maji, na wapo wakazi wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Kusukutua kwa maji hayo hakudhuru kidonda. Hata hivyo, kuyachemsha hakuondoi floridi, bali huua vijidudu tu.

Mswaki wa mti, unaotumiwa na wazee wengi, unaweza kusafisha meno mengine, lakini nyuzi zake ngumu zisiguse mahali palipopandikizwa hadi ufizi ufunge kabisa.

Dawa za maumivu

Kwa mtu mzima asiye na matatizo ya ini, parasetamo ya miligramu 500 humezwa vidonge viwili kila baada ya saa sita, na visizidi vidonge vinane kwa siku. Daktari anaweza kuongeza ibuprofeni, ambayo humezwa baada ya kula. Dawa hii ya pili haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala kwa mama mjamzito, bila idhini ya daktari.

Aspirini isitumike kutuliza maumivu ya kidonda hiki, kwa kuwa huzuia damu kuganda. Lakini mgonjwa anayeimeza kila siku kwa agizo la daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Anapaswa kumweleza daktari wa meno kabla ya kupandikizwa.

Kama antibiotiki zimeagizwa, zimezwe zote hadi zimalizike. Kama hazikuagizwa, si sahihi kwenda duka la dawa na kununua vidonge vichache kwa tahadhari. Tabia hiyo huvifanya vijidudu kuwa sugu, na siku mgonjwa atakapozihitaji kweli huenda zisimsaidie.

Anayepewa metronidazo, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Flagyl, asiguse pombe ya aina yoyote wakati wa dozi na kwa siku mbili au tatu baada ya kumaliza, ili kuepuka kutapika na mapigo ya moyo kwenda mbio. Hata kwa asiyetumia dawa hiyo, pombe ya dukani au ya kienyeji hupunguza umakini na huchelewesha kupona, hivyo iachwe kwa angalau wiki moja.

Tumbaku, ugoro na vitunguu swaumu

Katika mambo yote yaliyo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, tumbaku ndiyo adui mkubwa wa kipandikizi. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu ya kutosha haujengeki. Wavutaji hupoteza vipandikizi kwa kiwango kikubwa kuliko wasiovuta.

Jambo hilo haliishii kwenye sigara. Ugoro, unaotumiwa na baadhi ya wazee, una nikotini hiyo hiyo. Unaowekwa mdomoni hukaa karibu kabisa na kidonda, na unaovutwa puani huleta chafya zinazoweza kusumbua kipandikizi cha taya la juu, ambalo kwa nyuma limepakana na uwazi wa pua.

Mtumiaji hushauriwa kuacha angalau wiki moja kabla ya kupandikizwa na miezi miwili baada yake. Aliye tayari kuacha kabisa atakuwa amekilinda kipandikizi, moyo na mapafu kwa pamoja.

Wilaya ya Mbulu inafahamika kwa kilimo cha vitunguu swaumu, na si ajabu mgonjwa kushauriwa na jirani aweke punje iliyopondwa juu ya kidonda. Ushauri huo una nia njema, lakini kitunguu swaumu kibichi huunguza ngozi laini ya kinywa na kuacha jeraha juu ya jeraha. Kiliwe katika mchuzi, kisiwekwe kwenye kidonda.

Hali kadhalika unga wa vidonge, majivu, magadi, mafuta ya taa na dawa za mitishamba zisizojulikana kiasi chake havifai kuwekwa kwenye kidonda. Damu iliyoganda haihitaji nyongeza yoyote.

Wenye magonjwa mengine

Mgonjwa wa kisukari anaweza kupandikizwa, sharti sukari yake iwe imedhibitiwa. Sukari ikiwa juu, vidonda huchelewa kufunga na uambukizo huwa rahisi. Katika wiki za chakula laini, ambapo uji na ndizi huongezeka, apime sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida na asiache dawa zake.

Mwenye shinikizo la juu la damu naye aendelee na vidonge vyake, kwa kuwa shinikizo likipanda, kidonda huvuja. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja na wanaotibiwa kwa dawa za kuimarisha mifupa, wanapaswa kumweleza daktari kabla ya upasuaji, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hubadili namna mfupa wa taya unavyopona.

Kazi za nyumbani na shambani

Kulima, kuchota maji, kubeba magunia na kazi nyingine za kuinama huongeza msukumo wa damu kichwani. Mgonjwa apumzike kwa siku mbili au tatu, na kazi nzito zisubiri hadi wiki moja ipite.

Kwa mama wa nyumbani, hili haliwezekani bila msaada wa familia. Inafaa kupanga mapema nani atachota maji na nani atapika, na kuepuka kupandikizwa katikati ya msimu wa kulima au wa kuvuna.

Aliyepandikizwa taya la juu nyuma asipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili, na akipiga chafya aache mdomo wazi ili msukumo usielekee kwenye kidonda. Anayevaa meno bandia ya kuvua asiyarudishe juu ya kidonda hadi daktari ayapunguze na kumruhusu.

Dalili za hatari

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri asubuhi. Damu nyekundu inayoendelea kujaa kinywani hata baada ya kuuma shashi safi kwa dakika 30, mara mbili mfululizo, ni dalili ya kwanza.

Nyingine ni uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, usaha, na maumivu yaliyotulia kisha kurudi kwa ukali.

Uvimbe ulioshuka chini ya kidevu au shingoni, ugumu wa kumeza, kushindwa kufungua mdomo au kupumua kwa shida ni hali ya dharura inayoweza kuua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, bila kujali ni nani aliyempandikiza.

Ganzi inayoendelea mdomoni au kidevuni siku inayofuata inaweza kumaanisha kwamba mshipa wa fahamu umeguswa. Daktari apigiwe simu mapema, kwani kuchelewa hupunguza nafasi ya kurekebisha. Kipandikizi kinachocheza kikiguswa kwa ulimi nacho kitolewe taarifa, na mgonjwa asijaribu kukikaza mwenyewe.

Masharti mengi kati ya haya yanamhusu pia aliyeng'olewa jino bila kupandikizwa, na hao ndio wengi zaidi Mbulu na Hanang. Kwao, hatari ya pekee ni shimo kuwa kavu, yaani bonge la damu kutoka na kuuacha mfupa wazi. Maumivu makali ya hali hiyo huanza siku ya pili hadi ya nne na kupanda hadi sikioni. Tiba yake ni kusafishwa na kuwekewa dawa kliniki, wala si kuongeza vidonge.

Baada ya jino kuwekwa

Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10. Mgonjwa asikose miadi hiyo, wala ile ya miezi mitatu hadi sita ambapo daktari hupima kwa eksirei kama mfupa umeshika. Akiridhika, ndipo jino la juu huwekwa.

Kipandikizi hakitoboki kama jino la asili, na hilo huwafanya wengine wakisahau. Lakini ufizi na mfupa unaokizunguka ni vya asili, navyo huugua. Utando wa uchafu ukikaa pembeni yake, ufizi huvimba, hutoka damu, na taratibu mfupa huliwa hadi kipandikizi kilegee. Ugonjwa huo mara nyingi hauna maumivu mwanzoni.

Kinga yake ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kusafisha ubavuni mwa jino hilo kwa uzi au kiburashi kidogo, na kumwona mtaalamu wa meno angalau mara moja kwa mwaka. Kazi hiyo ya usafi inaweza kufanyika katika hospitali za karibu bila kurudi mjini kila mara.

Kwa mkulima au mfugaji aliyeuza mifugo au mazao kulipia kipandikizi, hasara ya kukipoteza ni kubwa. Kukilinda hakuhitaji vifaa vya gharama. Kunahitaji chumvi, maji yaliyochemshwa, mswaki laini, chakula laini na subira ya miezi michache, pamoja na kukumbuka kwamba kutohisi maumivu katika wiki ya tatu hakumaanishi kwamba mfupa umemaliza kazi.